Ukigongwa na dereva aliyekuwa kwenye simu: namna ya kudai fidia nchini Kenya

Barabara za Kenya huua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na kundi kubwa kuliko yote ni la waendao kwa miguu. Majeruhi ni maelfu zaidi. Katika ajali hizo zimo zile ambazo chanzo chake kilionwa na kila aliyekuwepo: dereva ameinamia simu, mwendesha boda ameichomeka simu kwenye helmeti anaongea, wa teksi anagusa skrini kumkubali abiria anayefuata. Watu hupiga kelele, humlaani, humbeba majeruhi. Kisha miezi inapita, na faili inapofika kwenye kampuni ya bima haina hata karatasi moja iliyotaja simu.

Nimewasindikiza majeruhi kwenye vituo vya polisi na kortini kiasi cha kuona kwamba dai la fidia hujengwa au hubomoka katika wiki ya kwanza, mgonjwa akiwa bado kitandani. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya siku hizo. Kama wewe ndiye uliyelazwa, mpe ausome ndugu au rafiki anayekuhangaikia.

1. Jua kwanza nani atalipa

Faini ya shilingi 2,000 anayotozwa dereva kwa kutumia simu akiendesha, iliyowekwa na kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016, huenda serikalini. Wewe hupati hata ndururu. Hata akifungwa, kifungo chake hakilipi bili ya hospitali. Fidia ni kesi ya madai unayomfungulia dereva pamoja na mwenye gari, na kwa kawaida pesa hutoka kwa kampuni iliyolikatia gari hilo bima.

Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inamlazimu kila mwenye gari kuwa na bima ya kumlipa mtu mwingine atakayeumizwa au kuuawa na gari hilo. Hata ile ya bei ya chini kabisa, ambayo watu huiita thadi pati, inakuhusu wewe uliyegongwa. Ukomo wake ni shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Korti ikikupa zaidi ya hapo, kilichozidi unakidai kwa mwenye gari mwenyewe.

Kuna watu wawili ambao bima hii ya lazima inaweza kuwaacha nje. Wa kwanza ni aliyepewa lifti ya bure kwenye gari la kibinafsi, kwa sababu sheria inalazimisha bima ya abiria pale tu wanapobebwa kwa malipo au kwa mkataba wa kazi. Wa pili ni mfanyakazi aliyeumia akiwa kazini kwenye gari la mwajiri wake. Huyu njia yake ya kwanza ni Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, maarufu kama WIBA, na anapaswa kumwarifu mwajiri mapema iwezekanavyo. Aliyepewa lifti bado anaweza kumshtaki dereva, lakini ahakikishe kwanza kama bima ya gari hilo inagusa abiria.

2. Hapo barabarani

Uhai kwanza. Katiba, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, kwa hivyo hospitali isikurudishe mlangoni kwa kukosa amana.

Mtu yeyote aliye na nguvu mkononi apige picha: namba za gari, stika ya bima kwenye kioo cha mbele, mahali gari liliposimama, mahali ulipoangukia, kivuko cha miguu kama kipo. Apige pia picha ya barabara nyuma ya gari, hata kama haionyeshi kitu. Lami isiyo na alama za breki ni ushahidi mzito kuliko wengi wanavyodhani. Dereva aliyekuwa akitazama mbele hukanyaga breki au hukwepa. Aliyekuwa akitazama simu hugonga bila kupunguza mwendo. Alama za breki hufutika kwa mvua moja, na gari likishavutwa hakuna anayeweza kuonyesha lilikuwa wapi.

Halafu mashahidi. Umati hutawanyika haraka, kwa hivyo chukua majina na namba za simu za watu ambao hawahami: mama mboga wa kando ya barabara, vijana wa steji ya boda, askari wa lango la jengo lililo mkabala. Ukiwa ulikuwa ndani ya matatu, abiria wa kiti cha mbele ni dhahabu, maana yeye ndiye aliyeuona mkono wa dereva. Waulize swali moja la wazi, "Ulimwona dereva akifanya nini?", na uandike jibu kwa maneno yao. Usiwawekee maneno mdomoni. Shahidi aliyefundishwa huanguka wakili wa upande wa pili anapomhoji.

Dereva naye ana wajibu. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka asimame, atoe jina lake na la mwenye gari, na aripoti polisi mapema, bila kupita saa 24. Mara nyingi atasema, "Tumalizane hapa hapa," na kutoa elfu mbili tatu. Damu ikiwa bado moto, mfupa ulioatuka hauumi sana. Usikubali, na usitie sahihi kwenye karatasi yoyote.

Jambo la mwisho hapa ni saa. Ukimpigia mkeo au ndugu yako baada ya kugongwa, namba hiyo na dakika yake hubaki kwenye simu yako. Usiifute. Utaona katika hatua ya tano kwa nini dakika moja inaweza kubeba kesi nzima.

3. Hospitalini

Mweleze daktari kilichotokea, naye aandike: umegongwa na gari, lini, wapi, ukiwa unatembea, umepanda boda au ukiwa abiria. Taja kila panapouma, hata kidole. Kampuni ya bima ikiona kwenye karatasi za siku ya kwanza goti peke yake, kisha miezi minne baadaye unadai na mgongo, itasema mgongo uliuumiza shambani.

Tunza kila kitu chenye jina lako: kadi ya matibabu, karatasi ya kuruhusiwa kutoka, filamu za eksirei, risiti. Sheria ya Kenya ni kali kuhusu pesa ulizotumia. Lazima zitajwe moja moja kwenye hati ya madai na zithibitishwe moja moja. Hakimu anaweza kukuhurumia kwa moyo wote na bado asikupe shilingi ya dawa ambayo risiti yake ilipotea. Matatu na boda hazitoi risiti, basi lipa kwa M-Pesa ujumbe ubaki, na uandike kwenye daftari tarehe na safari. Risiti za mashine hufifia. Zipige picha siku ile ile.

4. Kituo cha polisi

Nenda wewe, au mtume ndugu, kwenye kituo kinachosimamia eneo la ajali. Ajali iandikwe kwenye kitabu cha matukio na upewe namba ya OB. Ukiandika maelezo yako, taja simu. Sema: "Nilimwona dereva ameshika simu kwa mkono wa kushoto," au, "Shahidi fulani aliniambia alimwona akiongea na simu." Ukweli tu, bila kuongeza. Kauli iliyotolewa siku ya pili baada ya ajali ina uzito ambao kauli ya mwaka wa pili, ikisomwa mara ya kwanza mbele ya hakimu, haiwezi kuupata. Wakili wa bima huuliza swali hilo hilo kila mara: kama kweli ulimwona na simu, mbona hukuwaambia polisi? Usimpe nafasi.

Baada ya hapo utahitaji karatasi mbili. Abstrakti ya polisi ni muhtasari wa ajali: namba ya gari, dereva, mwenye gari, kampuni ya bima na namba ya cheti, majina ya walioumia, na hatua ya uchunguzi. Isome ukiwa bado kaunta. Jina lako likikosewa herufi, namba ya gari ikikosewa tarakimu, omba irekebishwe papo hapo. Fomu ya P3 hutolewa na polisi bila malipo, kisha hujazwa na daktari, ambaye huandika aina na kiwango cha majeraha.

Watu wengi wanaishika abstrakti wakiamini wameshashinda. Inathibitisha kwamba ajali ilitokea na kwamba ulihusika. Nani wa kulaumiwa ni jambo ambalo bado lazima ulithibitishe kwa mashahidi na mazingira. Sehemu ya matokeo ikiwa imeandikwa kwamba uchunguzi unaendelea, rudi baada ya wiki chache kuuliza. Jina la afisa mpelelezi na namba yake viwe kwenye daftari lako.

5. Kuithibitisha simu

Wengi hukata tamaa hapa, na hapa pia kuna mengi ya kufanya kuliko wanavyofikiri.

Huwezi kwenda duka la Safaricom au Airtel kuomba orodha ya simu za mtu mwingine. Hizo ni data zake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazilinda. Lakini polisi wanaochunguza ajali wanaweza kuziomba kwa amri ya korti, na kesi yako ya madai ikishafunguliwa wakili wako anaweza kuiomba korti iamuru kampuni ilete rekodi za namba ya dereva kwa muda mfupi uliotajwa, tuseme nusu saa kuzunguka ajali. Omba muda mfupi. Korti inasita kufungua maisha yote ya mtu kwa sababu ya tukio la dakika moja.

Rekodi hizo huonyesha simu ilianza saa ngapi na ikadumu sekunde ngapi, na ndipo ile dakika kwenye simu yako inapofanya kazi. Rekodi ikionyesha dereva aliongea kuanzia saa 12:41 hadi 12:44 jioni, na simu yako ikionyesha ulimpigia mkeo ukiwa chini saa 12:45, hakimu hana haja ya kubahatisha. Bila dakika yako, wakili wa bima atasema dereva alipiga simu baada ya ajali, kuomba msaada. Rekodi hazionyeshi, hata hivyo, kwamba mtu alikuwa akitazama video au akisoma ujumbe. Kwa hayo unahitaji macho ya mashahidi au kamera.

Kamera zimejaa mijini: vituo vya mafuta, benki, maduka makubwa, mageti ya majumba, na siku hizi hata vioo vya magari. Nyingi hurekodi juu ya picha za zamani baada ya siku au wiki chache. Peleka barua ndani ya siku mbili tatu ukitaja tarehe na saa, ukiomba picha zihifadhiwe. Barua si lazima iandikwe na wakili. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mwenye kamera akikataa kukupa wewe, mwombe aihifadhi kwa ajili ya polisi, kisha mpelekee afisa mpelelezi habari hiyo kwa maandishi.

Video ikipatikana, iwe ya kamera au ya mtu aliyerekodi kwa simu, usiikate wala kuitia muziki. Hifadhi ile ya asili. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka ushahidi wa kielektroniki uandamane na cheti kinachoeleza ulivyotolewa na kifaa gani kilitumika. Kwa hiyo mjue aliyerekodi, na simu yake isiuzwe kabla ya kesi kwisha. Video iliyosambazwa mitandaoni bila mwenyewe kujulikana inasaidia kidogo sana.

Dereva akiwa wa teksi ya Uber au Bolt, safari ina kumbukumbu zake ndani ya programu: ilikubaliwa lini, ilianza lini. Abiria aliyekuwemo apige picha ya skrini ya safari yake.

Je, ikiwa hukupata lolote kati ya hayo? Dai bado lipo, na hili nataka lishike. Huna haja ya kuthibitisha simu ili kushinda. Unachothibitisha ni uzembe, kwa kipimo cha kipi kinaelekea zaidi kuwa kweli, ambacho ni chepesi kuliko kile cha kesi ya jinai. Gari kugonga lingine kwa nyuma kwenye foleni, kumgonga mtu katikati ya kivuko mchana kweupe, kuhama njia bila sababu, kutokuwepo kwa alama za breki: yote hayo yanaweza kumtia dereva lawamani bila mtu kuiona simu. Kwenye hati ya madai, simu iandikwe kama mojawapo ya aina za uzembe, pamoja na kutoangalia mbele, kushindwa kufunga breki na mwendo usiofaa. Ukiiweka simu peke yake na ikakosa ushahidi, umeanguka nayo.

6. Mtafute mwenye gari na bima yake

Aliyekuwa kwenye usukani si lazima awe mwenye gari. Kupitia NTSA, mamlaka ya kitaifa ya usafiri na usalama, kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unaweza kutafuta rekodi ya gari kwa namba yake, kwa ada ya takriban shilingi 550, na risiti hiyo nayo ni sehemu ya madai yako. Sheria ya Trafiki inamchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kama gari liliuzwa bila kubadilishwa jina, jambo la kawaida sana kwetu, washtaki wote wawili, aliyesajiliwa na anayelitumia, wavutane wenyewe.

Bima utaisoma kwenye stika uliyoipiga picha au kwenye abstrakti. Vyeti vya bima vya sasa ni vya kidijitali na vinaweza kuhakikiwa, kwa hiyo stika ya bandia haifichiki ukiuliza mapema.

7. Wakili, na wale wanaokuja kitandani

Kabla hujamtafuta wakili, wapo watakaokutafuta wewe. Mabroka huzunguka wodi za majeruhi na vituo vya polisi, wanajua jina lako kabla hujawaambia, wanakuja na fomu na elfu moja ya "soda". Kuna waliotia sahihi wakiwa na dripu mkononi, wakaja kugundua baadaye kwamba kesi ilifunguliwa, ikamalizwa, na pesa zikaliwa bila wao kufika kortini hata siku moja. Mtu akikujia wodini, mkatalie kwa heshima. Abstrakti na karatasi zako za asili zisitoke mikononi mwako, mpe nakala.

Wakili umchague mwenyewe. Hakikisha kwenye orodha ya Chama cha Mawakili cha Kenya kwamba ana leseni ya mwaka huu, kisha nenda ofisini kwake umwone uso kwa uso. Kuhusu malipo, ujue kwamba Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46, haiutambui mkataba wa kumlipa wakili pale tu kesi inaposhinda. Anayekuambia, "Nitachukua theluthi tukishinda, tukishindwa hunidai wala sikudai," anakupa mkataba usio na nguvu kisheria. Omba makubaliano ya ada kwa maandishi. Malipo ya bima yakija, dai nakala ya barua ya malipo na hesabu kamili. Akikuzungusha, peleka malalamiko kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili.

8. Subiri upone kiasi, kisha piga hesabu

Usikimbilie kudai mfupa ukiwa bado kwenye plasta. Daktari wa kuandika ripoti ya kisheria, ambayo ni tofauti na P3 na ambayo utailipia, anahitaji kuona kilichobaki: mguu umepungua? Vyuma vitatolewa? Ulemavu wa kudumu ni asilimia ngapi? Kwa mvunjiko mkubwa, miezi kadhaa ya kusubiri ni ya busara. Kampuni ya bima itakutaka umwone daktari wake pia. Nenda, beba eksirei, mjibu ukweli ule ule.

Fidia ina mafungu. Lipo la maumivu na mateso, ambalo hakimu hulipima kwa kutazama kesi za nyuma zenye majeraha kama yako, akizingatia pia thamani ya pesa ilivyoshuka. Lipo la pesa ulizotumia kwa risiti. Lipo la matibabu yajayo, kama upasuaji wa kutoa vyuma. Hili lazima daktari alitaje kwa kiasi, na liandikwe kwenye hati ya madai, la sivyo halipo. Kuna kipato ulichopoteza ukiwa kitandani, na uwezo wa kufanya kazi uliopungua kwa maisha yako yote. Fundi wa ujenzi aliyebaki na kiwiko kisichokunjuka hawezi kulinganishwa na karani mwenye jeraha hilo hilo, na ripoti ya daktari iseme hivyo.

Hukumu za Kenya zinapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Tafuta majeraha kama yako, soma hukumu za miaka ya karibuni, utajua ofa ya bima ni ya haki au ni ya kukuondoa mlangoni.

Kisha jiandae kupunguziwa. Bima karibu kila mara itasema na wewe ulichangia: hukuvuka kwenye kivuko, hukuwa na helmeti, wewe mwenyewe ulikuwa kwenye simu. Ukionekana umechangia asilimia 20 kwenye fidia ya shilingi 600,000, utapokea 480,000. Abiria aliyeketi kwenye matatu ni vigumu kumtwika lawama. Anayetembea kwa miguu hutwikwa mara nyingi mno, kwa maoni yangu, hasa kwenye barabara ambazo hazikujengewa kivuko wala njia ya miguu. Picha ya mahali pale, ikionyesha hakuna kivuko kwa umbali mrefu, ni jibu lako.

9. Barua ya madai na ofa

Wakili huanza kwa barua kwa mwenye gari, na nakala kwa bima, akieleza ajali na kutaka mwenye gari akubali lawama. Kampuni nyingine hukaa mezani hapo hapo. Ikitoa ofa, utapewa hati ya kutia sahihi kwamba umepokea malipo kamili na huna dai tena. Hiyo hati inafunga mlango. Jeraha likigeuka baya mwakani hutarudi. Isome, au usomewe kwa lugha unayoielewa, na usiitie sahihi kabla daktari hajasema umefikia wapi.

Bima pia lazima ipewe taarifa rasmi kwamba kesi inafunguliwa dhidi ya mteja wake. Sura ya 405 inaweka hilo kama sharti la wewe kuidai kampuni baadaye. Hakikisha taarifa imeenda kabla au siku ile ile ya kufungua kesi, na uone kwa macho yako nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Kuna watu wenye hukumu safi mkononi wasiolipwa kwa sababu barua hii moja haikutumwa.

10. Kortini, na kabla ya lini

Muda wa kufungua kesi ya majeraha ni miaka 3 tangu siku ya ajali. Gari likiwa la serikali, ni miezi 12 tu, kwa hivyo mwone wakili ndani ya wiki za mwanzo. Mtoto muda wake huanza kuhesabiwa akifika miaka 18, ingawa kusubiri hivyo ni kupoteza mashahidi. Mazungumzo na bima hayasimamishi saa. Ofa tamu zinazokuja mwezi wa thelathini na nne ziogope.

Dai lisilozidi shilingi milioni 1 linaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambako unaweza kujisimamia mwenyewe na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Zaidi ya hapo ni mahakama za mahakimu, ambako hakimu mkuu husikiliza hadi milioni 20, kisha Mahakama Kuu.

Wakati huo huo fuatilia kesi ya trafiki. Dereva akipatikana na hatia na muda wa rufaa ukapita, Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 47A, inaifanya hatia hiyo kuwa ushahidi wa mwisho kwamba alitenda kosa. Pata nakala iliyothibitishwa ya mwenendo wa kesi. Bado korti ya madai inaweza kukupa sehemu ya lawama, lakini umeanza ukiwa mbele. Huna haja ya kuingoja kesi hiyo iishe ndipo ufungue yako.

11. Umeshinda, bima hailipi

Sheria inaitaka bima ilipe hukumu dhidi ya mteja wake. Ikikaa kimya, unaifungulia kampuni yenyewe kesi ya pili, ya kutaka korti itamke kwamba inawajibika. Hapo ndipo ile taarifa ya hatua ya tisa hutolewa mezani. Malalamiko ya ucheleweshaji yaende pia kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Kampuni ikiwa imefilisika, na zilizokatia matatu bima zimewahi kufilisika, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima, ambao hulipa kwa ukomo. Kinachobaki hurudi kwa mwenye gari.

12. Aliyegongwa akifariki

Familia haiwezi kufungua kesi ya fidia kwa niaba ya mirathi ya marehemu bila kibali cha korti cha kumwakilisha. Anzeni na barua ya chifu na cheti cha kifo, kisha ombeni kibali cha muda cha kuendesha kesi tu. Hupatikana haraka kuliko mirathi kamili. Wategemezi wanaotambuliwa na Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32, ni mke au mume, watoto na wazazi. Hesabu huenda hivi: marehemu aliyepata shilingi 30,000 kwa mwezi, ambaye angefanya kazi miaka 15 zaidi na kuitunza familia kwa theluthi mbili ya kipato, anatoa 30,000 mara 12 mara 15 mara theluthi mbili, yaani shilingi 3,600,000. Hapo milioni 3 ni za bima na 600,000 ni za mwenye gari. Kama hakuwa na hati za mshahara, korti hutumia kima cha chini cha mshahara wa kazi yake, basi mleteni shahidi anayeijua kazi hiyo.

Majeruhi akiwa mtoto, mzazi au mlezi hufungua kesi kwa niaba yake, na makubaliano yoyote na bima lazima yaidhinishwe na korti. Ombeni kwenye amri yenyewe fungu lake liwekwe kwenye akaunti ya jina lake hadi atimize miaka 18, na sehemu ya matibabu na karo itolewe kwa kibali cha hakimu.